Siku Niliyomleta Mlingoti Bongwe

Mpaka leo nikipita Bongwe huvaa helmeti hata kama pikipiki imezima na ninaikokota kwa miguu, na si kwa kuogopa polisi wala ajali, ni kwa haya tu, maana pale kila mtu ananijua, kuanzia mama wa mahamri hadi wazee wanaokaa nje ya msikiti, na kila anayeniona lazima aniulize, "Rashidi, mgeni wetu hajambo?" kisha aangue kicheko mpaka ashike mbavu. Basi bora niwahadithie mwenyewe jinsi mambo yalivyokuwa, kwa sababu nimesikia kisa hiki kimefika hadi Kinango kikiwa kimetiwa chumvi nyingi (eti nililia, sikulia, vumbi lilikuwa jingi siku ile).

Kazi yangu ni ufundi wa friji na viyoyozi, huku mahotelini Diani na kwenye zile nyumba za kukodisha wageni. Lakini ugonjwa wangu ni mpira wa kikapu. Sisemi kuucheza, urefu wangu mwauona wenyewe, nikisimama kwenye umati nauona mgongo wa mtu tu. Ugonjwa wangu ni kuutazama na kuubishania. Ile ligi ya Marekani huchezwa sisi tumelala, kwa hivyo mtu akishaswali alfajiri anatazama marudio kwenye simu, na kukipambazuka vizuri wote tunakutana kwa Kevo kinyozi, pale Ukunda, na hapo mwenzangu hata kama hukuja kunyolewa utatoka kichwa kimepungua kwa kelele.

Kevo ni kijana wa bara, kinyozi hodari lakini hana upande, leo anasifu timu hii, kesho ile, mradi ubishi usife na watu wasiondoke. Mpinzani wangu hasa ni shemeji Mwanamisi, dada mkubwa wa mke wangu, muuguzi kule Msambweni, mwanamke aliyeucheza mpira huo akiwa shuleni na mpaka sasa mabega yake yanakuonya usimkaribie vibaya. Yeye hukaa kwenye benchi la nje na buibui lake, kikombe cha kahawa mkononi, na akisema neno moja, watu walio ndani huzima mashine wamsikie.

Mwaka huo, katika mechi za mtoano, sote tulipagawa. Timu yangu sisi huiita Zambarau kwa ajili ya jezi zake, na senta wake, jitu refu lenye ndevu, tulimpa jina la Mlingoti. Sijui niwaelezeje yule mtu. Fainali ilikwenda mpaka mechi ya mwisho, goti lake limefungwa bandeji nene, anakwenda akichechemea, na bado mpira ukirushwa juu mkono wake unapanda, unapanda, unazidi kupanda, mpaka mimi peke yangu sebuleni nikasema subhanallah, huyu anatafuta nini huko, embe? Wakashindwa kwa pointi moja. Kamera ikamwonyesha amekaa sakafuni, watu wanamrukaruka wakishangilia, naye anatazama juu kama anayesoma kitu darini. Sikuweza hata kunywa chai.

Tangu siku hiyo ubishi ukawa mmoja: msimu ujao ubingwa ni wa nani? Mimi nikasema ni wa Zambarau, Mlingoti atapona na atarudi na hasira. Shemeji akasema, "Rashidi, mimi magoti nayaona kila siku wodini. Lile goti limekwisha. Msimu ujao mtashika mkia."

"Shemeji, wewe unamtibu mtu kupitia simu?"

"Na wewe unampa ubingwa mtu aliyelala kwenye barafu?"

Watu wakacheka, na nilikwenda kazini nimenuna.

Sasa ndio wiki hiyo hiyo nikaitwa kwenye nyumba moja ya wageni Diani, kiyoyozi kinavuja maji juu ya kitanda. Nikabisha mlango. Ukafunguka, na mbele yangu nikaona kifua. Nikainua macho, nikaona shingo. Nikaendelea kuinua, kofia yangu ikaanguka nyuma, ndipo nikafika usoni. Wallahi sijawahi kumwona binadamu wa namna ile kwa macho yangu. Aliinama kupita mlango wa chumbani, akainama kuikwepa feni, akanisogezea kiti nipande nifikie kiyoyozi ambacho yeye alikuwa anakitazama ana kwa ana kama tunavyotazamana mimi nanyi. Na goti lake la kushoto, jamani, limefungwa bandeji nene.

Bisibisi ikaniponyoka. Ndevu hakuwa nazo, lakini nikajiambia amenyoa asijulikane, wakubwa ndio tabia yao. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha hotelini ametoka wapi, akasema Marekani. Nikamuuliza, unacheza? Akafurahi, akasema naam, tangu utotoni. Na hilo goti? Akasema alianguka akicheza mbele ya maelfu ya watu, na mwaka huu wao walikosa nafasi ya kwanza kwa kitu kidogo tu, bado inamuuma. Nikamuuliza kwa sauti ya chini wao humweka wapi wakati wa kucheza. Akacheka, akasema kwa huu urefu wangu wataniweka wapi, ni katikati siku zote.

Katikati! Senta!

"Na msimu ujao?" nikamuuliza.

Akaweka mkono wake begani kwangu, mkono uliofunika bega lote na kidogo cha mgongo, akasema, "Msimu ujao, rafiki yangu, tunachukua."

Hapa ndipo nilipokosea, na ni jambo dogo hata mtoto wa chuo cha Kurani hawezi kulisahau: sikumuuliza jina. Sisi watu wa huku mgeni tunamsalimu, tunamuuliza jina, tunamuuliza na habari za nyumbani kwao, lakini mimi niliona aibu, nikafikiri kumuuliza mtu kama yule jina lake ni kumvunjia heshima, ni kama kumuuliza rais unaitwa nani. Nikafunga skrubu zangu, nikamwomba jambo moja tu, je anaweza kuja siku ya Jumamosi baada ya alasiri acheze kidogo mbele ya vijana wetu, Bongwe? Akasema kwa furaha kubwa. Akaniuliza kama aje na chake, nikamwambia asijisumbue, sisi tunacho kizuri kabisa. Akashangaa kidogo. "Mnacho?" Nikamwambia, bwana, hata sisi huku tumeendelea.

Kutoka pale nilikuwa siendeshi pikipiki, naelea. Nikasimama kando ya barabara, nikatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la simu, na najua niliusema nikihema kwa sababu mpaka leo Kevo huupiga dukani wateja wakiwa wachache: "Jamani, Mlingoti yuko Diani. Nimeshikwa bega na Mlingoti. Jumamosi anakuja Bongwe. Goti liko sawasawa. Shemeji, jiandae."

Nilidhani watakuja watu wa kinyozi tu, basi. Lakini Kevo aliutuma ujumbe ule kwa binamu yake, na binamu akautuma kwa walimu, na ilipofika Ijumaa nikapigiwa simu na bwana mmoja mwenye sauti ya ofisini akajitambulisha kuwa ni afisa wa michezo, akaniuliza, "Bwana Rashidi, una uhakika?" Uwanja wetu wa Bongwe, niwaambie, ni saruji iliyopasuka na ringi mbili, moja imeinama kama sikio la mbuzi, na tumeomba utengenezwe mpaka tumechoka. Nikaona huu ndio wakati. Nikamwambia, "Uhakika wa kuapa, mheshimiwa." Akasema basi atakuja mwenyewe, na akiona umati umejaa kweli kwa ajili ya mchezo huu, hata suala la saruji litazungumzika.

Shemeji peke yake ndiye aliyenipigia kuniuliza, "Rashidi, amekwambia yeye ni nani?"

"Ameniambia kila kitu."

"Jina amekutajia?"

"Shemeji, mbona una wivu?"

Akasema haya, tutaonana inshallah.

Jumamosi nilikwenda kumchukua kwa gari la kuazima, akaketi kiti cha mbele magoti yakiwa karibu na masikio, na tulipokaribia Bongwe mimi mwenyewe niliingiwa na hofu. Sijapata kuona watu wengi hivyo pale. Walikuwa juu ya ukuta, juu ya mikorosho, juu ya lori lililoleta vijana kutoka Kinango, wengine wamevaa mashati ya zambarau, na sare za harusi pia zilikuwepo, mradi rangi imekaribia. Spika imefungwa kwenye mti. Afisa amekaa chini ya mwavuli na soda yake. Na yule mgeni alipotoka garini akajinyoosha, akaendelea kujinyoosha, umati wote ule ukanyamaza kwa pamoja. Nikamsikia bibi mmoja tu nyuma yangu akisema taratibu, "Mola ana kazi yake."

Akaamkia watu kwa mkono kifuani, taratibu, mmoja baada ya mwingine, wazee kwanza. Mimi nikashika maikrofoni, nikasema maneno mengi ambayo sitayarudia, nikamaliza kwa kusema, "Na sasa, mabibi na mabwana, atacheza!" Kevo akampa mpira mpya mikononi.

Akautazama. Akaugeuza upande huu na upande huu, kama mtu aliyepewa papai na hakuagiza. Akaniinamia, safari yote ile ya kuinama, akaninong'oneza, "Rafiki yangu, hiki ni kitu gani?"

"Mpira."

"Nauona. Nifanye nao nini?"

Nikamwambia, ucheze, si ulisema unacheza? Akasema, nacheza tromboni. Nikamuuliza tromboni ni timu gani.

Na hiyo maikrofoni, ndugu zangu, sikuwa nimeizima.

Tromboni ni lile tarumbeta refu lenye mkono wa kuvuta mbele na nyuma. Bwana wa watu alikuwa mpigaji wa tarumbeta katika bendi, bendi kubwa yenye kushindana na bendi nyingine kila mwaka, na mwaka huo walikuwa wa pili, na alianguka kwenye ngazi za jukwaa katikati ya onyesho akaumia goti, na kwa urefu wake humweka safu ya nyuma, katikati, asiwazibe wenzake. Hakunidanganya hata neno moja. Ni Kiingereza kilichoniangusha, lugha bahili ile, kucheza mpira na kupiga tarumbeta kwao ni neno moja tu, na hata hilo la "chake" lilipita vivyo hivyo, maana tungekuwa tunasema Kiswahili angesema "nije na langu" nami ningejua hapo hapo kwamba huyu hazungumzii mpira, mpira ungekuwa "wangu". Lakini nani angenielewa wakati ule? Spika imekwisha kuwasikilizisha watu wote, wa juu ya mikorosho na wa chini.

Kilianza kicheko kimoja karibu na lori, kisha kikaja kama mvua ya masika juu ya mabati. Kevo alilala chini. Alilala, sitanii. "Buda, umetuletea mtu wa bendi!" Na yule mgeni, ambaye bado hajaelewa, akadhani labda ni desturi yetu mgeni aurushe mpira kwanza, basi akaurusha. Kwa mikono miwili, toka chini, kama mtu anayemwaga ndoo ya maji. Ukapita juu ya ringi, juu ya ubao, ukagonga spika, ukarudi ukatua kwenye meza ya afisa na soda ikamwagikia suruali yake, suruali ya rangi ya maziwa.

Afisa akasimama. Akaitazama suruali, akanitazama mimi, akaingia garini, na nikaiona saruji yetu ikiondoka naye kwa vumbi.

Nilitamani ardhi ipasuke zaidi ya ilivyokuwa imepasuka. Wengine walianza kunizomea, vijana wa Kinango wakaniuliza kwa nini nimewasafirisha jua lote lile, nami nimesimama na maikrofoni kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Mgeni naye sasa ameelewa. Uso ukamwanguka. Akaniambia polepole, "Maisha yangu yote, popote ninapoingia, watu huniuliza kama ninacheza mpira. Hii ni mara ya kwanza nimeitikia ndiyo." Niliona haya maradufu, maana nilikuwa nimemfedhehesha mgeni, na huku kwetu hilo ni jambo zito kuliko suruali ya afisa.

Aliyeniokoa ni shemeji Mwanamisi. Alikuja katikati ya uwanja na buibui lake, akaninyang'anya maikrofoni, akasema, "Nyamazeni. Huyu ni mgeni. Aliitwa aje kucheza, na huko kwao kucheza ni kupiga. Basi apige. Rashidi, nenda kalete tarumbeta la watu."

Nikaenda. Gari la kuazima, mwenye gari aliyekuwa umatini alikuwa ameshalichukua kwa hasira, kwa hivyo nilichukua ufunguo wa mgeni, nikapanda pikipiki ya Kevo, nikakimbia Diani, nikarudi na kasha refu jeusi nimelifunga mgongoni, na njia nzima watu wananipigia makofi. Nilijua nusu ya umati itakuwa imeondoka. Hakuna aliyeondoka. Shemeji alikuwa amemfundisha mgeni kurusha, na walipokuwa wakinisubiri bwana huyo alikuwa amekwisha kutia mpira mmoja katika ile ringi iliyoinama, na niliambiwa alicheka mpaka akakaa chini.

Akafungua kasha. Kikatoka chombo cha rangi ya dhahabu, jua la jioni likakishika, watoto wakasogea nyuma. Akakiunga vipande, akafuta mdomo, akafumba macho.

Sasa sikilizeni. Mimi tarumbeta nimelisikia, nani hajalisikia huku Pwani, kila harusi linapita likishangilia bibi arusi. Hili halikuwa hivyo. Lilianza chini sana, hata sikujua kama limeanza, nikadhani ni kitu ndani ya kifua changu, kisha likapanda, na ule mkono wake mrefu ukinyooka nalo, ukinyooka, mpaka nikafikiri sasa umefika mwisho, nao haujafika. Lilikuwa kama mtu mzima anayeita jina la mtu aliyekuwa akimpenda, bila haraka, bila kulia. Juu ya mikorosho vijana waliokuwa wakinizomea walikuwa wameshika matawi wamefungua midomo. Mbuzi walisimama. Kevo, ambaye hajanyamaza tangu aje Pwani, amekaa kwenye saruji mikono kichwani. Na nilipomtazama shemeji nikaona machozi yanamtelemka na wala hayafuti, mwanamke ambaye nimewahi kumwona akimfunga mtu jeraha la panga huku akibishana habari za mtoano.

Nikamkumbuka Mlingoti wa kweli, ule mkono uliokuwa unapanda, na nikaona kwamba nilichokuwa nikikitazama alfajiri zile zote kwenye kisimu changu ni kitu hiki hiki, mtu anafika mahali ambapo sisi wengine hatufiki, nasi tunatazama kutoka chini. Tofauti ni kwamba safari hii nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake.

Mara muadhini akaadhini magharibi. Hakuna aliyemwambia mgeni kitu. Alilishusha tarumbeta lake katikati ya wimbo, akalikumbatia kifuani, akainamisha kichwa, akasimama hivyo hivyo mpaka adhana ikaisha. Wazee wakatazamana. Mmoja akamwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na sikusikia alichomwambia. Ndipo wanawake walipopiga vigelegele, na vigelegele vile, wallahi, vilisikika mpaka barabara kuu.

Anaitwa Teo. Nilimuuliza njiani tukirudi Diani kwa pikipiki ya Kevo, baada ya kumfikisha kunako aibu yote hiyo, nikamwambia, "Samahani bwana, jina lako nani?" Akacheka, akanitajia, na yeye akaniuliza langu. Kesho yake alikuja kinyozini, akakaa benchi la nje na shemeji, akaelezwa habari zote za Zambarau na ubingwa, na alipoulizwa maoni yake alisema hajui hata timu ngapi huingia uwanjani.

Uwanja wetu haujatengenezwa, ringi bado imeinama. Na mahakama ya kinyozi ilikaa, shemeji akiwa hakimu, ikanihukumu: msimu mzima Rashidi haruhusiwi kutabiri bingwa. Nimeikubali hukumu. Msimu umeanza sasa, Mlingoti amerudi na goti zima, Zambarau inashinda mpaka inaudhi, na mimi nakaa kwenye kiti cha Kevo na povu usoni, nameza mate. Lakini sina uchungu sana. Siku hizi nikibisha mlango wa mgeni, kabla sijafungua hata sanduku la vifaa, kabla sijatazama goti lake wala urefu wake, natoa salamu, namuuliza jina, kisha namuuliza anafanya kazi gani, na akinijibu kwa Kiingereza namwomba anionyeshe kwa mikono.